Kalibu ya Madirisha ya Paskalina

Paskalina, rafiki yangu,

Huku Nangara wameshavuna mbaazi. Mama yako amepanda maua kaburini kwako, na mbuzi wa jirani wanayanyemelea kila siku. Nakuandikia nikiwa na hasira. Najua ungeniambia, "Tereza, kunywa maji kwanza." Nimekunywa. Hasira iko palepale.

Unajua Evodi, bosi wetu, alisema nini siku ya mazishi yako? Alishika kipaza sauti akasema, "Marehemu alikuwa binti mchapakazi. Alikuwa ananisaidia kuchapa." Kuchapa! Wewe uliyejenga programu zote alizouza mji huu wa Babati, za maduka ya pembejeo mpaka za zahanati. Nililia kwa sauti, watu wakadhani ni uchungu wa msiba tu.

Tuliporudi ofisini nikakuta jina lako limefutwa kwenye programu zote. Ameweka lake. Nikaacha kazi siku hiyohiyo. Mama yako akanikabidhi kompyuta yako. "Mimi sijui kilichomo," akasema, "lakini ni jasho la mwanangu. Usikubali, mama."

Sikukubali. Niliiwasha, nikaikuta kalibu yako. Nikakumbuka ulivyonifundisha pale ofisini Bagara, mvua ikipiga bati mpaka tunapigiana kelele: "Mfyatua matofali hachongi tofali mojamoja, ana kalibu!" Dirisha moja la programu unalijenga mara moja: kichwa juu, sehemu ya kutafutia, jedwali katikati, vitufe chini. Madirisha mengine yote yanazaliwa humo. Ukigusa kalibu, yote yanafuata. Na mteja akishazoea kitufe cha kuhifadhi kiko wapi, hakitafuti tena.

Evodi hakuwahi kuwa na subira ya kujifunza hilo. Yeye akitaka programu mpya alikuwa ananakili dirisha lako zima, analibandika, anarekebisha kila moja kivyake. Nilimjua. Nikamsubiri.

Kiwanda kimoja cha kukamua alizeti kikataka programu, kikatuita mimi na Evodi tuonyeshe kazi zetu. Kabla ya siku hiyo nilimwendea Mama Digna, karani wao, ambaye macho yanamsumbua. Nikamwambia, "Mama, mwombe Evodi akuze maandishi. Mwombe palepale, mbele ya wakubwa."

Siku ilipofika akamwomba. Evodi akacheka, akakuza dirisha la kupokea mzigo. Akafungua la malipo: maandishi madogo kama sisimizi. Akalikuza nalo. Akafungua la ghala: madogo. Safari hii alipokuza, vitufe vikasukumwa nje, kile cha kuhifadhi hakionekani. Akabonyeza huku na huku. Mwenye kiwanda akauliza, "Kwani madirisha haya si ya mtu mmoja?"

Nikaomba nafasi. Nikaweka kompyuta yako mezani, nikabadilisha kalibu mahali pamoja tu, nikafungua dirisha moja baada ya jingine. Yote yamekua, na kila kitufe kiko mahali pake. Mama Digna akavua miwani, akasema, "Sasa hapa naona." Nikawaambia, "Kazi hii ni ya Paskalina. Mlimzika Nangara mkiambiwa alikuwa mchapaji." Evodi alikuwa anakunja nyaya zake. Hakuinua uso.

Nilifurahi, Paskalina. Sikudanganyi, nilifurahi mpaka nikashindwa kula.

Tangu hapo nimewafuata wateja wake dukani kwao, mmoja mmoja. Wote wamehamia kwangu isipokuwa mmoja. Kila dirisha ninalowafungulia lina jina lako chini, nami sijaweka langu. Juzi Evodi alikuja hapa kwenu na mzee wa kanisa na kreti ya soda. Mzee akasema, "Binti yangu, msamehe mwenzio, ana watoto." Nikamjibu, "Shikamoo mzee. Nitamsamehe, lakini nikishamaliza." Soda waliondoka nayo. Mama yako alikuwa jikoni, amesikia yote. Jioni ile alinipikia ugali na kuku mzima.

Wengine wananiambia roho yako haitapumzika nikiendelea hivi. Sijui. Wewe ulikuwa mpole kuliko mimi, labda ungemwachia. Lakini umeniacha mimi huku, na mimi siwezi.

Basi pumzika, dada. Nakuahidi hakuna mtu Babati atakayekuita tena mchapaji. Huyo mteja wake aliyebaki ana duka la dawa za mifugo kule Singe. Kesho anafungua saa mbili, na mimi nitakuwa nimeshafika mlangoni.

Wako,
Tereza