Raha za Mwanza na Baiskeli ya Bibi

Jumapili, 3 Septemba 1995. Bariadi

Bamdogo Masunga katangaza leo wakati wa kula: familia nzima inakwenda likizo Mwanza. Likizo! Mwaka juzi bamdogo huyuhuyu alisema likizo ni uvivu wa walimu. Lakini sasa watu binafsi wameruhusiwa kununua pamba, yeye kawa wakala, kanunua pikapu na miwani nyeusi. Basi na watoto wake lazima wakale raha.

Sababu yenyewe naijua. Mudathiri, mtoto wa mzee Mashaka mwenye duka la vitenge, alikwenda Mwanza Juni akarudi na hadithi. Kapanda lifti. Kaona meli. Kala askrimu. Watoto wetu wakawa wanakaa barazani kwake kumsikiliza kama wako madrasa, na wao Wakatoliki! Bamdogo ilimuuma kuliko pamba kulowa.

Kiongozi wa msafara ni mimi. Nani mwingine? Nimewaambia Mwanza naijua nje ndani. (Nilikwenda mara moja kung'olewa jino. Lakini nilitembea.) Na nimesoma mpaka Form Two. Shule ilichoka kabla yangu.

Mapatano ni haya. Watoto wakirudi na hadithi ya kumfunga mdomo Mudathiri, mimi nabaki Mwanza, kwenye duka la redio la Joakim, rafiki yake bamdogo. Wasipofurahi, naenda Mwamapalala kuchunga ng'ombe wa ukoo, maana mchungaji katoroka kwenda kwenye dhahabu. Mimi na ng'ombe! Ng'ombe wenyewe wangeona aibu.

Bibi Sayi anakwenda pia. Macho yake mekundu, miaka yote anapuliza moto. Huko kwake Mwamapalala watu wameanza kuyasema. Ndama wa jirani kafa – macho ya yule bibi! Na kwetu huku kikongwe akianza kusemwa macho, mambo hayaishii kwenye kusemwa. Ndiyo maana bamdogo kamhamishia hapa mjini. Anataka daktari wa Mwanza ayatibu, bibi arudi kwake na macho meupe, maneno yaishe. Bibi mwenyewe anataka kimoja tu: arudi nyumbani atayarishe shamba kabla ya mvua.

Jumanne, 5 Septemba

Mamdogo Wilhelmina kafunga kuku, maandazi na mfuko mzima wa michembe ya viazi. Nikamwambia Mwanza kuna chakula. Kaniuliza, chakula cha nani?

Goodness, dada mkubwa, kasukwa nywele mpaka macho yamevutwa kama Mchina. Mayige anauliza kama Mwanza kuna mbwa. Luhaga, wa mwisho, ana miaka mitano na mdomo usio na breki. Asubuhi kamwambia padri kwamba baba huwa anasinzia kanisani. Kweli, lakini!

Jumatano, 6 Septemba. Mwanza

Luhaga katapika Mwamanyili. Katapika Magu. Katapika tulipoona ziwa. Bamdogo kavaa miwani nyeusi njia nzima, hata vumbi lilipofunika kioo tukawa hatuoni kitu.

Nilianza na lifti. Niliuliza watu kwa siri mpaka nikapata jengo lenyewe. Tukaingia wote, bibi katikati, kashika mkongojo. Mlango ukajifunga – umeme ukakatika. Giza. Baada ya muda Mayige akauliza: tumeshafika juu? Mlinzi alipotutoa tulikuwa palepale chini. Mayige anabisha mpaka sasa kwamba tulipanda, tena tukashuka.

Kisha hoteli yenye bwawa la kuogelea. Watoto wamekatazwa kuingia na chupi. Wakakaa ukingoni na soda, wakimtazama Mzungu mmoja anaelea kama gogo. Bibi kauliza ng'ombe wananywea upande gani. Mayige kasema lambo la Mwamapalala ni kubwa zaidi, na lina vyura.

Wanazungumza lambo! Nimewaleta mjini wanazungumza lambo.

Alhamisi, 7 Septemba

Bibi kapelekwa kwa daktari wa macho. Daktari kasema ni moshi tu, moshi wa kupikia kwa mavi ya ng'ombe na vijiti vya pamba kwenye nyumba isiyo na dirisha. Kampa dawa ya tyubu. Wekundu utapungua polepole, hautaisha wote. Bamdogo kauliza kama hakuna dawa ya haraka, yeye anaweza kulipa. Daktari kamtazama ile miwani, kamwita mgonjwa mwingine.

Mimi nikawapandisha watoto kivuko. Kwenda ng'ambo na kurudi, bila shughuli yoyote, kama matajiri. Goodness kafumba macho kwenda. Kafumba macho kurudi. Luhaga katapika, yeye hana ubaguzi, nchi kavu na majini.

Jioni bamdogo kawauliza mmoja mmoja wamefurahia nini. Goodness: chipsi. Mayige: yule ng'ombe mweupe tuliyemwona anavuka barabara. Luhaga kasema anataka nyumbani. Bamdogo akavua miwani. Kumbe bado ana macho.

"Marcelo, ng'ombe wana kiu."

Sikulala vizuri. Godoro nalo bovu.

Ijumaa, 8 Septemba

LEO! Leo nimewamaliza!

Tulikwenda kisiwani kwenye wanyama. Bibi haelewi mtu anapandaje boti kwenda kuona nyani tunaowafukuza kwa mawe. Tukaona swala. Mayige kasema nyama hiyo anaijua. Tukaona mamba, mamba hakujali. Naanza kusikia harufu ya zizi puani.

Halafu fisi.

Fisi mchana kweupe, ndani ya wavu, kalala, anapiga miayo. Bibi akajifunika kanga usoni. Watoto wakaganda. Maana kwetu hata mtoto wa kubebwa anajua: fisi haendi bure. Fisi ana mwenyewe. Kuna mzee humpanda usiku akaenda kwenye shughuli zake, na asubuhi kamrudisha. Luhaga akauliza kwa sauti, huyu ni wa nani? Januarius, mtunza wanyama, kasema wa serikali. Watoto wakatazamana. Serikali inapanda fisi?

Hapo mungu wa utani akanishukia. Nikasema:

"Luhaga, msalimie. Hii ndiyo baiskeli ya bibi yako. Kaipaki hapa."

We! Mayige kaanguka chini. Goodness, aliyenuna tangu kusukwa, kacheka mpaka machozi. Mamdogo kacheka kidogo, kisha kajiziba mdomo. Januarius kashika wavu asianguke. Nikawaambia ile miayo ni breki, yale madoa ni kutu. Luhaga akawa anapiga kengele, ngring, ngring, njia nzima mpaka botini, na HAKUTAPIKA.

Na nina haki. Bibi na mjukuu ni watani, desturi inaruhusu. Mimi namwita mke wangu tangu nilipojua kusema, na yeye huniambia hawezi kuolewa na mwanamume mwenye meno ya panya.

Bamdogo alipoona watoto wanavyorudi wakirukaruka, hakuuliza nini kimewafurahisha. Kanipiga bega. Umepona, kasema.

Jumamosi, 9 Septemba

Mchezo ni mmoja siku nzima. Luhaga fisi, Mayige anampanda, Goodness trafiki anawasimamisha kudai leseni. Muuza askrimu kaambiwa. Mama wa gesti kaambiwa. Wote wamecheka. Mimi ni msanii, basi tu.

Nilipokuwa napiga viatu rangi bibi akaja akakaa karibu.

"Marcelo, hapa wanacheka kwa sababu hakuna anayenijua."

Nikamwambia mke wangu, umeona wivu baiskeli imependwa kuliko wewe. Nikangoja aniambie meno ya panya. Akaniomba nimwambie Luhaga hadithi hiyo iishie hapa Mwanza.

Nimemwambia Luhaga asahau. Kasema sawa. Kisha kaniuliza: nisahau na rangi yake?

Jumapili, 10 Septemba

Wameondoka. Mimi nimebaki! Kitanda changu kiko nyuma ya duka, katikati ya maboksi ya redio. Kila redio ina mgombea wake anahutubia. Kura mwezi ujao, makelele leo.

Bamdogo atapitiliza hadi Mwamapalala kumshusha bibi. Kasema dawa amepata, cheti cha daktari anacho, atawasomea majirani. Cheti kiko kwa Kiingereza. Watoto wanakwenda naye, wakaone ng'ombe.

Nilitaka kumwambia mamdogo Luhaga asishuke kwenye gari wakifika. Nilikuwa nawapungia mkono wakati nafikiria. Pikapu ikakata kona.

Alhamisi, 14 Septemba

Mimi sasa mtu wa mjini. Nimeuza redio kwa mtu aliyekuja kuuliza njia. Joakim kaniazima tai. Nikipita kwenye kioo najisalimia kwanza.

Jumanne, 19 Septemba

Kristofa, dereva wa bamdogo, kafika asubuhi hii na pikapu tupu. Hakuteremka kwa maringo kama kawaida yake. Kamsalimia Joakim, kanivuta nje.

Luhaga alishuka kwenye gari. Bila shaka alishuka. Mashine ile! Watoto wa jirani – jirani yuleyule wa ndama – wakamuuliza kaona nini Mwanza. Hakutaja lifti. Hakutaja meli. Askrimu alilamba mpaka kwenye kiwiko, hakuitaja. Kasema bibi ana fisi Mwanza, hupanda kama baiskeli, yeye kamwona kwa macho yake, tena kapiga miayo.

Juzi sungusungu wa kijiji wakapiga yowe, wanaume wakakusanyika. Hawakumgusa bibi. Walikuja wametulia, kasema Kristofa, na hilo ndilo lililomtisha. Wakakaa kwenye vigoda vyake, wakamuuliza bibi analifunga wapi hilo dude. Bibi kajibu ni utani wa mjukuu wake. Bamdogo kasoma cheti. Wakasema Kiingereza hawakijui, na tajiri wa pikapu lazima amfiche mama yake. Wakamwita Luhaga. Luhaga kasimama mbele ya wazee wote akaonyesha na kengele inavyolia.

Nikamwambia Kristofa, bamdogo ni mtu mkubwa, aseme yeye kwamba mimi ndiye niliyesema.

"Kasema. Wanautaka mdomo uliosema. Kesho, kabla hawajakaa tena."

Bamdogo haondoki mlangoni kwa bibi, ana panga. Miwani kaiacha garini. Nimeiona kwenye dashibodi.

Sasa nipige hesabu za Form Two. Nikienda, nasimama katikati ya duara, watani au si watani, fimbo zitanihusu kwa kulichezea jambo lile. Zikiisha, ng'ombe wapo palepale, wana kiu. Joakim kasema duka halikai bila mtu, vijana wa kazi wapo wengi. Nisipoenda... labda watapoa. Watu hupoa. Labda mvua itawahi wakaenda mashambani. Wengine hawakupoa, mwaka jana kule Ipililo, lakini bibi wa kule hakuwa na mtoto mwenye pikapu.

Nimemuuliza Kristofa bibi kaniagiza nini. Kasema hakuagiza kitu. Kauliza tu kama huku mjini ninakula.

Nimeingia ndani kuchukua shati, nimemwambia dakika moja. Joakim anazungumza na kijana mmoja pale mlangoni, kijana kavaa tai tayari. Kristofa anapiga honi. Mlango wa nyuma uko wazi, unatokea sokoni. Honi tena. Nimevaa kiatu kimoja