Kijidege Kinacholala

Tanga, 2 Machi 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kikohozi cha vumbi la kiwanja cha ndege hakijaniacha. Mgongo wako je? Bado unainama mezani mpaka chai inapoa?

Kwenye simu ningelia, ndiyo maana naandika. Jana nikiendesha ndege na mwalimu, tuliingia ndani ya wingu. Humo huoni kitu, unategemea tu kile kioo kinachoonyesha ndege imelalia upande gani. Kwenye mashine ya chuo ya kujifunzia kuruka tukiwa chini, ile uliyoitengenezea vioo, ndege ikilala upande, kijidege cha kwenye kioo ndicho kinacholala na mstari wa upeo unatulia. Kwenye ndege yenyewe ni kinyume: kijidege kimetulia, mstari ndio unalala. Mkono wangu ukafuata ulivyozoea, nikazidi kuilaza upande uleule. Mwalimu Isidori alininyang'anya usukani.

Rekebisha, baba. Tuko tisa tunaojifunza kwenye mashine hiyo.

Mwanao,
Jovitha

Kariakoo, 11 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Namshukuru Mungu u mzima. Mgongo ni uleule, na chai inapoa kama kawaida.

Kile kioo sikukichora ovyo. Nilichora aina mbili nikaziweka dukani, kila anayepita namuuliza ndege imelalia wapi. Hamud wa vioo vya simu, wateja wake, hadi mama chapati. Ile ya mstari unaolala walikosea karibu wote. Ya kijidege walipatia. Nikaona hiyo ndiyo yenyewe.

Nitabadilisha. Ila nakuomba, usimwambie mkuu wa chuo. Wakubwa wanakuja kuikagua mashine baada ya Pasaka. Miaka kumi na tisa naitwa fundi simu, sasa ndiyo naitwa mbunifu. Wakishaondoka nitakuja mwenyewe, niibadilishe kimya kimya.

Wako,
Baba

Tanga, 16 Machi 2024

Shikamoo baba,

Kikohozi kimepungua. Nimenyamaza kama ulivyotaka. Mwalimu Isidori aliniuliza kwa nini nilikosea, nikamwambia nilishikwa na kizunguzungu. Sijapenda nilivyodanganya.

Mwanafunzi mwenzangu Jacqueline anakusalimu, yule uliyemletea mbege, pombe yetu ya ndizi, akakataa akacheka. Mwezi ujao anaruka peke yake. Usikawie.

Mwanao,
Jovitha

Kariakoo, 5 Aprili 2024

Mwanangu,

Hujambo? Wiki tatu kimya, natumaini si kikohozi.

Wakubwa wameshaikagua mashine huko, na jana walipita hapa dukani, wakanipa mkono mbele ya watu! Mmoja alisema hajawahi kuona kioo kinachoeleweka upesi hivyo. Kipya nimeshakichora, nakuja nacho Jumamosi ijayo. Mpe Jacqueline salamu zangu.

Wako,
Baba

Tanga, 8 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo.

Salamu zako sikuzifikisha. Jacqueline alianguka na ndege Ijumaa asubuhi. Aliondoka peke yake, anga ikiwa safi, wingu likamfunika juu ya milima. Tulikuwa wote chumba cha redio. Alisema, "Nainyoosha, mbona inazidi?" Akarudia mara mbili. Wenzangu walitazamana. Mimi nilijua, na nilikuwa nimejua tangu Machi.

Wachunguzi wananihoji kesho saa tatu. Nitawapa barua yako ya tarehe 11, na nitawaambia kuhusu kizunguzungu changu. Naumia kukufanyia hivi, baba, lakini nimeumia zaidi kumsikia.

Kioo kipya kiache huko, mashine imefungwa. Jumamosi utakuwa umechelewa. Njoo Alhamisi, tunamzika saa nane. Mama yake ameuliza kama mbunifu atakuja. Nitasimama karibu yako.

Mwanao,
Jovitha