Majina Kwenye Bendera ya Baba Mdogo Isaburo

Nyumba ya Hatakeda,
Kijiji cha Nezawa,
Mkoa wa Yamagata,
Japani.

18 Februari 2014

Mpendwa mdogo wangu Tazuko,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako theluji imefika usawa wa dirisha na bado inaendelea kama vile haijatuona. U hali gani, ndugu yangu? Macho yameshapona baada ya upasuaji? Na mumeo, bado anakataa kutembea na fimbo? Mwambie nami nilikataa hadi nilipoanguka mbele ya posta, watu wakiniangalia.

Mimi ni mzima, magoti ndiyo yanayonisumbua. Kahawa uliyotuma tunainywa kidogo kidogo. Mke wa mwanangu huificha nyuma ya mtungi wa figili za kuchachusha, akidhani sijui.

Nimechelewa kukujibu, Tazuko, na sitasingizia theluji wala magoti. Barua yako ya Desemba ilinifikia vizuri. Uliniomba nikuletee bendera ya baba yako, Baba Mdogo wangu Isaburo, na nikuandikie habari za kila mtu aliyetia jina lake pale, alikuwa nani, alifananaje, ili uwasomee wajukuu zako huko Brazili. Nimeanza kukujibu mara nne. Mara zote nne nimechana.

Kwanza nikueleze ilivyokuja. Mwezi wa Oktoba ofisi ya kijiji ilinipigia simu kwamba kuna Mmarekani, fundi mabomba, aliyeikuta ndani ya kopo la biskuti darini kwa babu yake. Babu yake alipigana Ufilipino. Aliandika kwamba hataki kitu chochote, anataka tu irudi kwao. Ni ile ile ya hariri, jua jekundu katikati na maandishi meusi yakilizunguka, na doa la kahawia ubavuni ambalo hakuna aliyeuliza ni la nini. Kumbuka kwamba sanduku la mifupa yake lililoletwa kwenu mwaka 1946 lilikuwa na jiwe tu ndani. Hii ndiyo mara ya kwanza kitu chake kurudi.

Usishangae ukiona duara halikukaa katikati sawasawa. Hizi za siku hizi zimewekewa vipimo na sheria ya mwaka 1999, lakini za zamani jua lilitakiwa lisogee kidogo upande wa mlingoti. Babu yetu alikuwa akiringa kwamba anajua mambo hayo. Alisema ile ilikuwa alama ya meli kabla haijawa ya nchi, ili meli zetu zisichanganywe na za wageni, na kwamba watu wa bara kama sisi tuliipata baadaye. Jirani mmoja alipotaka baba yako apewe ile yenye miale, mama yako alikataa katakata. "Ile ya jeshi watampa wenyewe," alisema. "Hii ni ya nyumbani."

Unajua desturi ilivyokuwa, ingawa ulikuwa mchanga mgongoni mwa mama yako. Karatasi nyekundu ya wito wa jeshi ikifika, bendera inapitishwa nyumba kwa nyumba, na kila mtu anaandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe kulizunguka jua. Ndani ya jua lenyewe haandiki mtu. Mkono wa kila mmoja unakwenda na kijana, unamkinga. Ndiyo maana haikubaliki mtu kumwandikia mwenzake. Hata mzee asiyeona alishikwa kiwiko akaandika.

Wito wa baba yako ulikuja siku ya Jumanne, Juni 1944, katikati ya kupandikiza mpunga, na alitakiwa aondoke Ijumaa. Wakubwa wengi walikuwa wamezama matopeni. Mama yako akanikabidhi bendera, brashi na wino, akasema, "Mineyo, wewe mwandiko wako mzuri, watu watakuheshimu. Zunguka nyumba zote." Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilikuwa nimeshinda zawadi ya mwandiko shuleni. Kichwa kilikuwa kimenivimba.

Niliingia nyumba sita, kwenu ikiwa ya kwanza. Waliandika vizuri. Nyumba ya saba hapakuwa na mtu, ya nane vilevile, na kwenda kuwatafuta ilikuwa ni kushuka mashambani, kuingia matopeni, kisha kupanda hadi nyumba za juu mlimani. Nikaketi kwenye ngazi za hekalu dogo nipumzike. Unaukumbuka ule ubao wa matangazo ya mtaa, ambao kila nyumba husoma, hutia saini, kisha humpelekea jirani? Mimi ndiye niliyekuwa nauzungusha. Saini zote za Nezawa nilizijua kama ninavyojua vidole vyangu.

Niliandika la kwanza ili kujaribu tu. Likafanana. Nikaandika la pili.

Tazuko, majina ni thelathini na moja. Sita ni ya kweli. Ishirini na tano niliyaandika mimi, pale pale kwenye ngazi, huku nikila tango. Sikulia, sikutetemeka. Nilifurahi. Hicho ndicho kinachoniumiza kuliko vyote, kwamba nilifurahi, nikabadilisha mkono kwa kila jina na kujisifu moyoni kwa ustadi wangu. Nilimrudishia mama yako bendera kabla ya jioni. Alishangaa jinsi nilivyokuwa mwepesi, akanipa kipande kizima cha kiazi kitamu kilichokaushwa. Nilikila.

Baba yako aliivaa kifuani, akaenda, akafa. Vita vilipokwisha, watu walizichoma bendera zao au walizificha, maana hata kuipandisha kulihitaji kibali cha Wamarekani. Mama yangu aliikata yetu ikawa nepi za mdogo wangu, akazichovya rangi nyeusi ili duara lisionekane. Kila alipozianika nilijisemea, basi, hata ile nyingine imeoza huko msituni, hakuna atakayejua. Naona haya kukuandikia hivyo, lakini ndivyo nilivyofikiri. Nilishukuru kwamba imepotea pamoja naye.

Sasa sikiliza habari za Novemba, kwa sababu aibu ya utotoni ningeweza kuisingizia utoto. Ofisi ya kijiji iliwaita watoto na wajukuu wa waliotia majina. Walitandaza bendera kwenye meza ndogo katika ukumbi wa mtaa. Unamkumbuka Tokuji wa nyumba ya tofu, waliokuwa wakisaga soya alfajiri? Ana miaka themanini na minne, bado mkali. Alilitafuta jina la baba yake, akaweka kidole, na uso wote ukamkunjuka.

"Huyu hapa! Huyu hapa mzee wangu! Ona huo mkia wa herufi anavyouvuta. Mtu wa makuu yule!"

"Mkia kama wa farasi," mkewe akasema. "Na wewe hivyo hivyo, stakabadhi zako hazisomeki."

Watu wakacheka na kulia kwa pamoja. Kisha Tokuji akanigeukia.

"Dada Mineyo, wewe ndiye uliyeizungusha, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi ulimwona akiandika. Alisema nini, mzee wangu? Sina picha yake hata moja, nyumba ilipoungua zilikwenda zote. Alisema chochote?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Kikongwe wa miaka themanini na miwili, nani angenilaumu? Lakini mdomo wangu ulifunguka wenyewe ukasema, "Alisema, mwambieni Isaburo arudi, tofu yake nitamwekea." Tokuji akapiga magoti kwenye mkeka, akainama mpaka paji la uso likagusa chini. Mbele yangu mimi, Tazuko. Na watu wote wakaniangalia kwa heshima.

Nilikaa na jambo hilo hadi mwaka mpya ukapita. Wiki mbili zilizopita nilikokota miguu kwenye theluji hadi kwake, nikamwambia yote. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Kwa hiyo ule mkia ni wako," akasema.

"Ni wangu."

"Na maneno ya tofu?"

"Ni yangu pia."

Hakufoka. Angefoka ningepumua. Aliniangalia kidogo, akafunga mlango taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa ndani. Tangu siku hiyo gari lao la tofu halisimami kwetu. Mke wa mwanangu ananiuliza kuna nini, nami nakunja nguo.

Kwa hiyo siwezi kukuandikia habari za watu thelathini na mmoja. Nimekuandikia za wale sita katika karatasi ya pembeni, na majina yao nimeyachora jinsi yalivyo ili uyatambue. Mama yako ni wa kwanza, kwenye ukingo wa juu wa bendera. Baba yangu yupo, na babu yetu. Hao waliandika kweli, nilishika wino nikiwaona. Wajukuu zako wasomee hao. Bendera yenyewe nimeifunga ndani ya kifurushi hiki, kwa kuwa si yangu kukuwekea masharti. Ukiona hustahimili kuiweka mbele ya picha ya baba yako, sitakuuliza uliipeleka wapi.

Nisalimie mumeo na binti yako Sumiye, na yule kijukuu mwenye jina la Kibrazili ambalo siwezi kulitamka. Mwanangu na mkewe wanawasalimu. Mungu na mababu wakupe macho mazuri na usingizi mtamu.

Nilikuwa nimekwisha kuikunja barua hii, nikaifungua tena. Kuna jambo moja sijalisema.

Pale kituo cha treni, Ijumaa ile, baba yako aliitandaza bendera magotini akayasoma majina yote, moja baada ya jingine, akitabasamu. Alipomaliza akanitafuta.

"Na wewe, Mine? Jina lako liko wapi?"

Katika ustadi wangu wote nilikuwa nimejisahau. Nikamwambia nafasi ilikwisha.

"Haya basi," akasema, "utaandika nikirudi."

Nafasi haikuwa imekwisha, utaiona mwenyewe, pembe ya chini kushoto, kama kiganja cha mkono. Juzi nilisaga wino, nikashika brashi, nikakaa nayo mpaka wino ukakauka. Sikuandika. Iliyorudi ni bendera, si yeye.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nikuoneaye haya, na jina hili hapa nimeliandika kwa mkono wangu,

Hatakeda Mineyo