Mkeka wa Mama

Mdogo wangu,

Hatujambo, ila paka kazaa tena ndani ya kapu la vitambaa. Cherehani ya Mama sasa naiendesha mimi.

Tangu uondoke kwa hasira, kila asubuhi kabla ya kushona Mama alipiga magoti kwenye mkeka wake, akikuombea. Nikamwambia, “Mama, Mungu si kiziwi.” Akajibu, “Mimi ni ombaomba tu mlangoni pake. Ombaomba hapangi saa ya kufunguliwa.”

Tulikusubiri siku ya kumzika. Tangu hapo, jioni naukunja mkeka wake, asubuhi naukuta umetandikwa. Shemeji yako anaapa hajaugusa.

Leo nimepiga magoti palepale, nikataja jina lako. Mkeka ulikuwa na joto.

Rudi tu, hatutakuuliza kitu. Bado tunakuombea, mimi na Mama.

Dada yako