Mutu wa Kumi

Jumatatu, 4 mars
Nilijigeuza kitandani upande wa kuume – na mtaa wetu wa Cimpunda wote ukageuka nami! Dari likapita, dirisha likalifuata. Kisha vikarudi mahali pao polepole, kama watu waliokutwa wakicheza rumba kanisani. Si vibaya. Kama si kutapika.

Jumanne, 5 mars
Wifi yangu Eulalie amefika na jibu mkononi: karuho. Sumu ya kutiliwa chakulani. Nani anakupikiaka? Ghislaine, mke wa mwanangu Firmin. Ah bon! Basi arudi kwao Katana, na mizigo yake. Ghislaine alisikia yote, mlangoni. Hakulia. Akapika sombe, hakuna aliyeigusa.
Mimi nilikula jikoni, kwa siri. Tamu.

Alhamisi, 7 mars
Firmin kanipeleka kwa docteur Hugues. Huyu amekusanya majibu ya wagonjwa wengi wa kizunguzungu; ordinateur inapima unafanana na nani. Kinakuja ukigeuka, ao hata ukitulia? Kidogo, ao siku nzima? Masikio yanalia? Kila jibu, mstari mmoja kwenye écran ya ile kompyuta unarefuka, mwingine unafupika. Nilitamani kudanganya kidogo, nione.
Akanilaza ghafla, kichwa kikining'inia – macho yakacheza, nikaelea juu ya ziwa, mwepesi, bila viatu. Matokeo: kati ya watu kumi kama mimi, tisa ni vijiwe vidogo vya ndani ya sikio vimehama. Akanigeuzageuza kichwa kuvirudisha. Vinaweza toka tena, maman.
– Na mutu wa kumi?
– Iko na sababu ingine. Namba haziseme kama hauwezi kuwa wewe.
Mkweli! Ningempiga.

Jumapili, 10 mars
Firmin aliwaeleza jamaa wote. Eulalie akahesabu.
– Tisa, sawa. Na ule wa kumi, iko nani kama si wewe?
Ghislaine akaanza kukunja nguo. Nikasema: lete bugali ya Ghislaine, nile mbele yenu. Nikianguka, aende. Nisipoanguka, abaki, na Eulalie afunge kinywa!
Nilikula vizuri. Kisha Eulalie akaniita kutoka kuume – nami, mjinga, nikageuka, na meza nayo.
Nikatabasamu. Nikasema naenda kuchukua miwani. Ghislaine alikuwa ameshanishika mkono, kama kwa heshima.
Sasa niko chumbani. Maandishi yanateremka yenyewe.
Eulalie anaita: Maman Firmin! Kuja basi, sahani haiyaisha!
Wote wako mezani, wanatazama huku. Lazima nitoke nimenyooka.
Mlango unapita, kwa upole, kushoto kwenda kuume. Nangoja urudi.