Mjane wa Mtu Aliye Hai

Mbeya, Jumatano, Julai 1976

Baridi imeshika tangu alfajiri. Umande uliganda juu ya majani ya viazi, na jua limechelewa kutoka nyuma ya mlima. Nimeota moto jikoni mpaka vidole vikakubali kushika kalamu.

Naiomba radhi shajara hii. Sijaandika neno tangu wiki ya Pasaka, na mtu aliyetunza kumbukumbu za mahakama kwa miaka ishirini na minane hana udhuru wa kuacha kurasa tupu. Kila nilipokaa kuandika, habari ilikuwa ile ile: mgongo wa mke wangu.

Nieleze kwa utaratibu.

Mwezi wa Machi Atuganile aliteleza uani akavunjika mkono, kwa anguko ambalo mtoto angeinuka akicheka. Baada ya Pasaka aliinua ndoo ya maji isiyojaa, akasikia kitu kinaalika mgongoni. Alilala wiki tatu. Hospitali ya serikali walimpiga picha, wakamlaza, wakamhudumia bila malipo, na ninawashukuru. Daktari aliinua picha dirishani akanionyesha: mifupa ya mgongo imekuwa myepesi na imeanza kubonyea. Alisema huwapata wanawake wengi wa umri wake. Yaliyokwisha kubonyea hayatarudi, lakini yaliyobaki yanaweza kuzuiwa. Viko vidonge vya chokaa, na viko vingine vitokavyo nje ya nchi, vya kumezwa kila siku, tena kwa miaka.

Hospitalini havikuwapo. Vilipatikana katika duka la dawa mjini, kwa kuagizwa Dar es Salaam. Pakiti ya mwezi mmoja ilikula zaidi ya nusu ya pensheni yangu. Nilinunua mbili. Ya tatu sikuweza.

Mke wangu amepungua kimo. Sikutaka kuliandika hilo. Rafu ya chumvi, ambayo alikuwa akiifikia bila kunyoosha mkono, sasa alikuwa akiipandia kigoda. Jumapili moja alipokwenda kanisani niliishusha shubiri moja nikapigilia misumari upya. Alirudi, akachukua chumvi bila kigoda.

Mwanetu Ambakisye ni fundi wa mashine ya kupasulia mbao katika shirika moja karibu na Mafinga. Shirika hulipia matibabu na dawa za mfanyakazi, mke wake na watoto wake. Mwezi wa Juni alituandikia kwamba amefanya mpango, na mama yake naye amekubaliwa. Niende na cheti cha daktari nikachukue dawa katika zahanati ya shirika. Hakueleza ni mpango gani. Nami, niliyezoea kusikia kila shahidi akiulizwa mara tatu, sikuuliza hata mara moja.

Nilivitaka vile vidonge.

Ijumaa iliyopita nilikwenda. Anayetoa dawa pale ni mama wa makamo, Mhehe mchangamfu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifungua jalada.

"Kamwene, mzee. Karibu. Ndiyo, huyu hapa: mama mzazi, mjane. Poleni sana. Baba alifariki lini?"

Niliisoma fomu ile juu chini, kwa ustadi nilioupata katika ukarani. Mwandiko ulikuwa wa mwanangu. Penye jina la baba alikuwa ameandika neno moja: marehemu.

"Si siku nyingi," nilijibu.

"Na wewe ni nani wake?"

"Shemeji yake."

"Ahaa, shemeji!" Alicheka mpaka mwenzake wa dirisha la pili akageuka. "Ndiyo maana umetoka Mbeya na baridi hii! Kumbe mzee amerithi. Haya, mtunze basi, na kwa mifupa hiyo usimchoshe."

Yule mwenzake alijificha nyuma ya makopo ya dawa, mabega yakimtikisika. Mimi nilitia sahihi katika daftari lao kwa jina la Gwakisa, mdogo wangu, ambaye tulimzika miaka sita iliyopita. Nikapewa pakiti.

Kwa hiyo katika zahanati ile ndugu yangu ni mzima, na mimi nimekufa.

Nilimkuta Ambakisye kazini, kando ya rundo la mbao za paini, nywele zimejaa unga wa msumeno. Hakukana. Alieleza kwamba kanuni inamkubali mama mzazi iwapo tu ni mjane. Mwenye mume hutunzwa na mumewe.

"Baba, karani wa shirika alisema bima ya mama ni mume wake. Nikamwambia mume ni mstaafu. Akaniambia, 'Mstaafu siyo maiti, kijana.' Nikatoka. Kesho yake nikachukua fomu nyingine."

"Ukaniua."

"Kwenye karatasi tu, baba."

"Mimi nimeishi kwa karatasi."

Aliinamisha kichwa. Ana umri wa miaka thelathini na minne, na bado huinamisha kichwa namna ile ile. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, lakini pakiti ilikuwa mfukoni mwa koti langu na mkono wangu ulikuwa juu yake.

Kisha akanipa habari mbaya zaidi. Shirika linakagua majalada ya wategemezi. Kabla ya mwisho wa mwezi ujao kila mama mjane aletewe hati ya kiapo, aliyoapa mzee wa ukoo wa marehemu mbele ya mahakama. Isipoletwa, dawa zitasimamishwa na jalada litachunguzwa. Ambakisye aliniomba nimfanyie hati hiyo hapa Mbeya. Karani wa sasa nilimfundisha kazi mimi mwenyewe. Angegonga mhuri bila kusoma, kwa kuwa karatasi imeletwa na mimi. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote.

Nakumbuka mtu mmoja aliyeapa kwamba kaka yake amekufa, ili auze ng'ombe wake. Kiapo kile nilikiandika mimi, na ni mimi niliyekitoa katika jalada siku kaka mtu aliposimama mlangoni mwa mahakama, mzima, na fimbo yake. Mwongo alifungwa. Jioni ile nilikula chakula changu chote.

Jumamosi nilimweleza mke wangu, nikidhani atahuzunika. Alicheka. Alicheka akijishika mbavu kwa mikono miwili, kwa sababu kicheko nacho kinamwuma.

"Ee, Baba Ambakisye! Yaani nimerithiwa na wewe mwenyewe? Na mahari ya pili uliipeleka kwa nani?"

Nilimwambia kwamba jambo hili si la mzaha. Akasema anajua. Akaendelea kuchambua maharage, na baada ya muda akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kuniangalia:

"Cha ajabu ni kwamba ungekuwa umekufa kweli, wangenipa bila swali."

Hakusema kwa ubaya. Nimelifikiria neno hilo siku nne.

Kanuni ile inadhani mume aliye hai ni dawa. Nimekuwa hai miezi yote hii, na mgongo wake umeendelea kupinda. Hata hivyo kanuni mbaya haifanyi uongo kuwa ukweli. Niliwaambia watu hivyo maisha yangu yote, na sikuwahi kuwauliza nyumbani kwao kuna nini.

Nikiapa, nitakuwa nimeapa uongo mahali pale pale nilipowaapisha wengine. Nisipoapa, dawa itakoma, na mwanangu anaweza kupoteza kazi, na pamoja na kazi, matibabu ya mke wake na watoto watatu. Nikimwandikia meneja na kuungama yote, naweza kumponza Ambakisye kwa mkono wangu. Au meneja naye ana mama. Sijui.

Asubuhi hii nimemwekea kidonge juu ya kisahani, kando ya chai, kama nifanyavyo tangu Jumamosi. Amekimeza, amenirudishia kisahani, amekwenda kuichukua chumvi mwenyewe. Katika pakiti vimebaki ishirini na vitano.

Mezani ziko karatasi mbili, zote kwa mwandiko wangu. Moja inaanza, "Mimi, Gwakisa, naapa." Nyingine inaanza, "Ndugu Meneja, mimi ndiye marehemu." Hakuna niliyoitia sahihi.

Sitaiacha shajara hii kimya tena kwa miezi. Nitaandika siku nitakapokuwa nimeitia sahihi mojawapo na kuichoma nyingine. Siku hiyo mwandishi atakuwa ama mume wa Atuganile, ama shemeji yake.