Baka Jeupe Kwenye Kaunta ya Baba

Jumamosi, Rau. Manyunyu tangu alfajiri, mlima haujaonekana kabisa, na mimi nina uzito kifuani ambao hata chai haikuutoa.

Nianze na kaunta, maana ndiyo iliyoleta yote.

Kaunta ya jikoni kwangu ni ya teraso. Baba aliimwaga kwa mikono yake mwaka niliohamia nyumba hii, saruji yenye kokoto nyeusi na nyeupe, akaisaga na kuing'arisha taratibu huku ugonjwa umeshamwanza. Ilikuwa kazi yake ya mwisho. Aliniachia masharti: maji ya vuguvugu na sabuni laini, kitambaa kisichokwaruza, nta kila baada ya miezi michache. Limao au siki ikimwagika, futa hapo hapo. Utomvu wa ndizi ukiganda, paka mafuta ya kula, subiri ulainike, ndipo ufute. Dawa ya choo isiiguse hata siku moja, kwa sababu asidi inakula teraso.

Miaka saba nimeyashika. Mama Upendo naye aliyashika.

Mama Upendo ni mama wa makamo wa Mabogini, amenizidi umri, na alikuwa akija kunisaidia usafi kila Jumanne na Ijumaa. Aliipangusa ile kaunta kwa upole kuliko mimi mwenyewe. Siku nyingine nilimkuta ameinama anaitazama kwa ubavu, kuona kama kuna sehemu imepoteza mng'aro.

Mwezi uliopita nilikwenda Mwika kumuuguza mama, wiki nzima. Doreen wangu yuko shule ya bweni, kwa hiyo nyumba nilimwachia mdogo wangu Glory, ambaye naishi naye tangu kazi ya Arusha ilipomshinda. Niliporudi Jumapili nikakuta katikati ya kaunta baka jeupe, pana kama sinia, ukiligusa linakwaruza kama msasa. Glory akasema hajui lilitokea vipi, ila Ijumaa alimwona Mama Upendo jikoni na chupa ya dawa ya choo. Alisema hivyo akinitazama machoni.

Jumanne Mama Upendo alipofika, sikumkaribisha hata ndani. Nilimwambia mlangoni kwamba ameharibu kitu ambacho baba yangu hawezi kunitengenezea tena. Akasema hakumwaga chochote, kwamba alilikuta baka pale na Glory akamwambia ninalijua. Nikaona anaongeza uongo juu ya uharibifu. Nikamwambia asirudi.

Leo asubuhi nilimwita fundi Elisante, mzee aliyefanya kazi na baba miaka mingi, aje aone kama linatengenezeka. Tuliamkiana, akapitisha kiganja juu ya baka, akatikisa kichwa.

"Nilishamwambia mdogo wako Alhamisi ile kwamba hili haliwezi kuisha kabla hujarudi."

Nikamwuliza Alhamisi ipi.

"Wiki uliyokuwa Mwika. Alinipigia nije haraka. Alikuwa amemwaga dawa ya choo kutoa utomvu wa ndizi." Akajifuta kiganja kwenye suruali. "Nilidhani alikueleza, mwanangu."

Alhamisi. Mama Upendo alikuja kesho yake.

Nilimsindikiza mzee hadi getini, nikamwambia kazi ya kuisaga upya kaunta isubiri. Halafu nikaenda kwa Glory, alikuwa chumbani anapiga pasi. Hakukana. Alisema alipata wageni, akamenya ndizi za supu ya mtori juu ya kaunta bila kutandika kitu, utomvu ukaganda mweusi, akaogopa, akachukua chupa ya kwanza aliyoiona. Hofu hiyo naielewa. Nikamwuliza kwa nini Mama Upendo.

"Yeye angepata nyumba nyingine, dada. Mimi ukinifukuza ningekwenda wapi?"

Nani alimwambia ningemfukuza? Tumelala kitanda kimoja utoto mzima, na bado alinihesabu kuwa mtu wa kumtupa nje kwa ajili ya kaunta. Siku ile ninamfokea Mama Upendo mlangoni, Glory alikuwa sebuleni, anasikia kila neno. Baadaye alikuja kukaa karibu nami, akaniambia nisilie.

Aliniletea na chai.

Lakini niandike na hili, maana nikiliacha nitakuwa namdanganya mtu mmoja zaidi, mimi mwenyewe. Glory hakupata taabu kunidanganya. Sikuuliza mara mbili. Sikuhesabu siku. Huyu ni damu yangu, yule ni mtu wa kuja na kuondoka, na hapo hukumu yangu ikaishia.

Mchana nilipanda bodaboda hadi Mabogini. Nilimkuta Mama Upendo barazani kwake anapepeta mchele. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa kigoda. Nikamweleza yote bila kujitetea, ingawa njiani nilikuwa nimeandaa maneno ya kujitetea. Alinisikiliza huku ungo unaendelea kwenda juu na chini. Kisha akauweka chini.

"Nimekusamehe, Mama Doreen. Lakini kurudi sitarudi. Ulilisema kwenye jumuiya, na nyumba mbili nyingine zikaniambia nisije tena."

Ni kweli. Nililisema baada ya sala ya jumuiya ya mtaa wetu, kwa huzuni, kama mtu anayesimulia msiba, na akina mama wakanipa pole. Nilikuwa nimeshasahau kwamba nililisema. Yeye alikuwa anaishi na matokeo yake.

Nikamwuliza nifanye nini. Akasema lililosemwa mbele ya watu lisahihishwe mbele ya watu, kisha akachukua ungo wake. Nikaaga.

Sasa jioni inaingia. Glory amebisha mara mbili kuuliza apike nini, na mara zote mbili nimemjibu kwa neno moja. Sijui kama nitaweza kumwamini tena akiniambia hata kwamba maji yamechemka. Labda nitaweza. Leo hapana.

Kesho baada ya misa jumuiya inasali kwa jirani yetu. Nimemwambia Glory tutakwenda wote na atakaa kando yangu. Nitasimama niseme kwamba Mama Upendo hakuharibu kitu, kwamba niliyemsingizia ni mimi, kwa kinywa changu. Kama Glory atasimama kusema lake, au atainamisha kichwa akitazama viatu vyake, hilo nimemwachia.

Mimi sitamsubiri.